Mimba ya Miezi Kumi na Minne

Huku kwetu juu, karibu na Chome, ukisema mwanamke ana tumbo hakuna anayeuliza tumbo la nini. Wanahesabu miezi tu. Mimi walinihesabia nikiwa na miaka ishirini na minane, mume wangu Loth akiwa machimboni Mererani, mwaka wa pili hajakanyaga nyumbani. Neno hilo moja ndilo lililonitoa kwangu. Leo nalieleza mwenyewe, kwa sababu limeelezwa mno na watu wasiojua lolote.

Ukweli wa tumbo langu ni huu. Nilikuwa nalima peke yangu, nabeba tangawizi kichwani hadi barabarani, narudi hoi. Kuni zilikuwa shida, maana msitu una walinzi. Nikajizoeza kupika makande ya haraka: maharage siyaloweki, natupia magadi kiganja kizima yalainike upesi. Asubuhi chai ya rangi na andazi. Mboga niliuza zote. Maji nilikunywa nikikumbuka. Tumbo likinguruma, niliagiza dukani vile vidonge vya rangi mbili, nikameza viwili vitatu hadi linyamaze. Likivimba tena, nameza tena. Nilikwenda hivyo karibu mwaka mzima, hadi likakataa kunyamaza. Likajaa upepo, likakaza, kanga haikufunga.

Mama mkwe wangu, Bi Kaanaeli, alinikuta njiani nimejishika kiuno.

"Mama Neema, una nini?"

"Tumbo, mama."

Hakuuliza tena. Jioni ile alimpigia mwanawe simu: "Mkeo ana tumbo." Ni maneno yangu yaleyale, hakuongeza hata moja, ndiyo maana mpaka leo anaapa kwamba hakunisingizia.

Loth alipanda na baba zake wadogo wawili. "Ni ya nani?" akaniuliza mlangoni, hata salamu hakunipa. Nikamjibu kwamba ni ya maharage. Alinipiga kofi, nikatolewa na mfuko mmoja wa nguo. Neema wangu, miaka sita, wakabaki naye.

Nilishukia Same, nikapata kazi ya kuosha vyombo kwa mama lishe karibu na stendi. Tumbo nikaja nalo. Miezi ikapita tisa, kumi, kumi na miwili, na lenyewe lipo palepale, leo dogo, kesho kubwa. Habibu, mchoma mishikaki wa jirani, akashindwa kuvumilia.

"Mama Neema, huyo hashuki? Huu mwezi wa kumi na nne! Hata tembo wa Mkomazi sasa angekuwa anatafuta nepi."

"Nenda kamuulize tembo," nikamwambia.

"Nakutania, dada yangu, lakini nenda hospitali. Hiyo siyo mimba."

Mtu wa kwanza kusema maneno hayo alikuwa mchoma nyama.

Hospitali nilimkuta daktari wa kike, Tausi, mdogo kuliko mimi. Akaniuliza napata choo mara ngapi.

"Jumatano na Jumapili," nikasema, "kama mazoezi ya kwaya."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanipima kila kitu. Mtoto hakuna, uvimbe hakuna. Akataka kujua nakula nini, nikamtajia, na vidonge nikavitaja.

"Nani alikuandikia?"

"Niandikiwe na nani, daktari? Nilinunua."

Akaniambia kwamba ndani ya utumbo wa mtu wamo vijidudu wengi mno wanaotufanyia kazi. Wanasaga tulichoshindwa kusaga, wanatukinga na maradhi, na utumbo ukivurugika hata usingizi na furaha ya mtu huvurugika. Vidonge vile, alisema, ukivimeza ovyo vinaua wabaya na wema pamoja. Mimi sikusoma, lakini hilo nililielewa kabla hajamaliza. Udongo wa shamba ukiushika unajua kama uko hai au umekufa. Mimi nilikuwa nimejimwagia dawa ya magugu tumboni mwaka mzima, halafu nashangaa hakuna kinachoota.

Hakunipa dawa nyingi. Alinipa kazi: maharage yalale kwenye maji usiku kucha na maji hayo yamwagwe, magadi niyaache, mboga za majani kila siku, matunda, dona badala ya sembe, mtindi, maji ya kutosha, na vidonge visivyoandikwa na daktari nisiviguse. Mwezi wa kwanza sikuona kitu. Wa tatu nilikuwa naenda chooni kila asubuhi kama mtu mwenye heshima zake. Wa tano tumbo likawa bapa. Nikalala usiku mzima. Kichwa kikaacha kuniuma. Hata hasira ikapungua, ikabaki ile ya haki tu.

Nikapanda mlimani kuwaonyesha. Mjinga mimi, nilidhani tumbo bapa ni ushahidi wangu. Bi Kaanaeli alinitazama juu hadi chini, akapiga makofi mara moja.

"Kumbe umelitoa!"

Kupona kwangu kukawa kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Wazee wa kanisa wakanitenga. Nimekaa nimetengwa miaka kumi na sita.

Mwaka huu Neema ameolewa. Aliniandikia kwamba anataka mama yake aketi benchi la wazazi. Mzee Aminieli wa kanisa akashuka Same kuniletea masharti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama Neema, jambo ni dogo. Jumapili usimame, utubu, yaishe. Utaketi na mwanao."

"Nitubu nini?"

"Unajua mwenyewe."

"Ninachojua ni choo kigumu, mzee. Nitubu hicho?"

Alikohoa. Lakini Jumapili nilipanda, nikasimama mbele yao wote, Loth akiwepo, Bi Kaanaeli akiwepo. Nikawaambia habari za upepo, za magadi, za vidonge, za siku tatu bila kwenda chooni. Kina mama wakajifunika nyuso kwa vitenge, wengine mabega yakicheka. Nikamwuliza kila aliyeko: nani alimwona mwanamume kwangu? Nani aliona damu?

"Kaa chini, mama," Mzee Aminieli akasema. "Hiyo siyo toba."

"Sijasema ni toba."

Nje ya kanisa wanawake wanne walinivuta kando, mmoja baada ya mwingine, kuniuliza kwa sauti ndogo maharage yanalowekwa saa ngapi. Hakuna hata mmoja aliyeniomba radhi. Nikawajibu wote, kwa sababu matumbo yao hayana kosa.

Wazee waliamua kwamba nibaki nimetengwa, nafasi yangu ni benchi la nyuma. Siku ya harusi niliingia mapema, nikaenda moja kwa moja mbele, nikaketi pembeni ya Loth. Akasogea. Wazee watatu wakaja, Mzee Aminieli akainama.

"Mama Neema, tafadhali. Kuna utaratibu."

"Nina kilo themanini, mzee, na zote ni za afya. Mkitaka nitoke, nibebeni."

Wakatazamana kuona nani atashika miguu. Mlango ukafunguliwa, Neema akaingia, kwaya ikaanza, na wao walikuwa bado wamesimama.