Mzimu Ulikuwa Kwake

Dada Msusi hajawahi kushika kitabu saa za kazi, maana mikono yake imo kwenye vichwa vya watu. Anayesukwa ndiye anayesoma kwa sauti, na akiinuka kitini anamwachia kitabu anayefuata. Ndivyo saluni nzima ilivyoimaliza ile hadithi ya mpelelezi aliyeingia kwenye jumba lenye mzimu na kuufukuza.

Wateja wote walimsifu mpelelezi. Dada Msusi akawakatiza.

“Mzimu ule ulikuwa nyumbani kwake, umetulia. Aliyevunja mlango wa watu ni huyo shujaa wenu. Nyinyi mngemkaribisha chai?”

Mwalimu aliyekuwa kitini, nusu ya nywele zimesukwa na nusu ziko timtim, akacheka.

“Dada, wewe hukukisoma, umesikia tu. Maoni tuachie sisi tuliosoma.”

Vidole vya Dada Msusi vikasimama.

“Mwalimu, hata aliyeandika hajauona huo mzimu, na mmemwamini mpaka ukurasa wa mwisho. Mimi masikio yangu hayakuruka hata neno. Sasa inamisha kichwa nimalizie, au toka hivyohivyo ulivyo.”

Mwalimu akajitazama kwenye kioo, kisha akainamisha kichwa.