Kona ya Saba

Fundi huyu habamizi mlango wa gari hata siku moja. Huusukuma kwa kidole kimoja, kisha huinamisha kichwa na kusikiliza, kama mtu aliyepiga hodi akangoja kukaribishwa. Leo mzee mmoja amemletea gari kuukuu ambalo mlango wake wa abiria hufunguka kila wanapokata kona. “Miaka kumi na mmoja sasa kitasa ni mke wangu,” mzee anatania, na bibi aliye kando yake anacheka. Fundi hacheki. Anachomoa springi iliyolegea na ndoano iliyolika, anaweka mpya, anazipaka grisi kwa kidole cha mwisho, halafu ananawa mikono na kumkaribisha bibi ndani wakajaribu.

Kwenye kona ya kwanza mkono wa bibi unakirukia kishikio wenyewe. Mlango umetulia tuli. Fundi anaizunguka tena kona ileile, polepole, mara ya pili, ya tatu, ya nne.

“Mwanangu, umepotea njia?”

“Hapana, mama. Kazi bado.”

Mara ya saba, mkono wa bibi umelala mapajani. Fundi anautupia jicho.

“Haya, sasa tayari,” anasema, na kugeuza gari.