Jakuzi la Mama

Hapa Kariobangi kuna watu wanaodhani mashine hutibiwa kwa kofi. Redio ikikwaruza, kofi. Friji ikinguruma, teke. Mimi nilikaa Doha miaka kumi na mmoja nikitunza majakuzi ya hoteli, yale mabeseni makubwa ya maji moto yanayopuliza hewa, nikasoma diploma ya mitambo ya maji baada ya zamu, macho yakiniwasha kwa usingizi. Sikurudi nyumbani kuishi kwa elimu ya makofi.

Ploti hii ya kupangisha niliijenga mwenyewe, orofa nne. Uani, pale wapangaji walipotaka kamba za nguo, niliweka jakuzi. Wakaliita "sufuria ya lando", yaani ya mwenye nyumba. Niliwaacha. Mtu aliyeoga kwa karai maisha yake yote ana ruhusa ya kushangaa. Lilikuwa la mama. Magoti yake yaliharibikia kwenye mteremko wa Mathare, akipandisha mitungi ya maji ili mimi nisome, na daktari alisema maji ya moto yangemfaa. Yakamfaa kweli. Baada ya wiki kadhaa alianza kwenda kanisani peke yake, bila kushikwa mkono. Hakuwa na ombi lingine kwangu.

Baridi ya Julai ilipokaza, hita ikaanza kujizima. Inawaka dakika kumi, inakatika. Maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele. Jumapili ya kwanza mama alirudia kushikilia kuta. Ya pili hakutoka chumbani.

Nilikuwa Mombasa kikazi, na mke wangu akaniitia fundi wa mtaani. Niliporudi nilimkuta amechutama, nyaya mkononi, na jakuzi limefura povu hadi ukingoni.

"Bosi, hita iko sawa," akasema. "Ni hiki kidude kinaikata. Tunakiruka tu, waya kwa waya."

"Hicho kidude kinazuia hita isiungue maji yasipopita. Umepima maji yanavyopita?"

"Kupima na nini? Nimesikiliza."

"Na hili povu?"

"Niliweka sabuni ya unga kidogo. Maji yalikuwa yanateleza."

Mtu anamwaga sabuni ya unga kwenye chombo kinachopuliza hewa, halafu anasimama mbele yako na kujiita fundi. Nilimwambia afunge boksi lake. Mpangaji wa chini akachungulia dirishani. "Lando, sufuria imechemka? Tulete unga tusonge?" Uani kote wakacheka. Vicheko vya watu wasiojua hata mita yao ya stima husomwaje.

Nilimwaga maji yote, nikasuuza mabomba, nikajaza upya. Karatasi za kupimia zilinionyesha klorini sawa, asidi sawa. Hita ikajizima vilevile. Basi nilifanya jambo ambalo fundi yeyote mwenye akili angelifanya siku ya kwanza: nilitoa chujio, nikawasha bila chujio. Hita ikashika saa nzima. Maji yalikuwa yanazibwa na chujio, ingawa kila wiki nililipiga kwa mpira wa maji hadi likaonekana jeupe. Nilipitisha kidole ndani ya mikunjo yake. Kikatoka na mafuta ya manjano, mazito. Harufu yake niliitambua mara moja, na mpira wa maji baridi hauyaondoi mafuta ya aina hiyo.

Nilipanda kwa mama.

"Mama, unajipaka nini kabla ya kuingia majini?"

"Mafuta."

"Yale ya kukamulia ng'ombe?"

"Kwani wewe ulilelewa kwa yapi?"

Nilimweleza polepole kwamba mafuta yanaziba chujio, maji hayapiti, hita inajizima. Aoge kwa sabuni kwanza, ateremke bila kujipaka kitu.

"Nivuke uani kwa wapangaji wako na miguu imepauka?" akasema. "Waseme mama wa lando amekosa mafuta? Afadhali nisitembee, baba."

Hakuwa anatania. Kule Mathare alitupaka hadi tukang'aa hata siku tulizotoka na chai ya rangi tumboni, kwa sababu jirani haoni tumbo, anaona miguu. Na majirani wa hapa ni wa aina ileile: hawajui pampu na hita zinatofautianaje, ila mguu mkavu wanauona kutoka orofa ya nne. Kwa ajili ya macho ya watu hao mama yangu alikuwa tayari kukosa magoti.

Nilinunua chujio la pili. Sasa moja linafanya kazi, jingine linalala ndani ya ndoo yenye dawa ya kuyeyusha mafuta, na kila Jumamosi nayabadilisha. Nayasugua mwenyewe, mkunjo kwa mkunjo, mimi mwenye diploma, maana mtaa huu hauna mtu wa kuachiwa kazi hiyo.

Jumapili ya tatu tangu maji yapate moto tena, nilikuwa uani nikikaza pampu, mikono imejaa grisi. Mama aliteremka ngazi peke yake, miguu inang'aa, akampita yule mpangaji wa dirishani bila kumtazama. Lango alilifungua mwenyewe, akashika njia ya kanisani.