Safta na Lango la Madume

Katikati ya Oktoba, asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Paraskeva, penye lango la malisho wapo: Safta Brumaru, mchungaji wa kondoo madume; Ilarie, mdogo wa marehemu mumewe; Ilinca, binti wa Ilarie, ambaye ni daktari wa mifugo; na madume kumi na moja waliofungwa tepe nyekundu kwenye pembe.

"Leo ni harusi," Ilarie anatania. "Nawe ungejifunga utepe, shemeji."

"Nijifunge, halafu nikimbie kwa magoti haya?"

Utani unaishia hapo. Ilarie anasubiri jibu: mwakani Safta atapanda tena mlimani au la? Kila majira ya kuchipua, Safta, mwenye miaka sabini na mmoja, huwapeleka madume nyuma ya mlima, mbali na pua za majike, akakaa nao hadi siku hii wanapoachiwa majike, ili wanakondoo wazaliwe Machi pamoja na majani. Asipopanda tena, majike watatiwa homoni Agosti, wazae mapema kwa soko la Pasaka.

"Mchana ukifupika, mwili wa jike hujiandaa," anaeleza Ilinca. "Harufu ya dume aliyekuwa mbali humwamsha. Dawa nayo humwamsha, ila kwa siku tunayoitaka sisi."

Safta anatabasamu. "Mwaka mmoja dume alitoroka Agosti. Januari, theluji hadi dirishani, tukawa na wanakondoo saba kitandani. Onu, mume wangu, akalala sakafuni. Nikamwambia, 'Baba watoto, safari hii umezidisha!' Enzi hizo madume walikuwa arobaini, na wasichana walituletea maandazi ya jibini. Mlima ulikuwa na watu."

"Sasa uko peke yako, mama mkubwa," anasema Ilinca. "Ukianguka je?"

"Nilishaanguka, Julai. Nililala majanini hadi jioni. Mocan alinisimamia." Mocan ndiye dume mzee kuliko wote.

Ilarie anavua kofia. "Mbona hukusema?"

"Ungenishusha."

Safta anavuta mti wa lango. Madume wanatimka kuelekea kwa majike, midomo ya juu imekunjuka kwa kunusa. Mocan peke yake anabaki kando ya sketi yake.

"Nenda, mzee. Unaniaibisha mbele za watu."

Anamsukuma kiunoni, naye anaondoka, taratibu.

Ndipo Safta anapowageukia wenzake.

"Sipandi tena. Ilinca, watie dawa majike wa baba yako. Majike wangu tisa usiwaguse; watabaki bustanini kwangu. Ilarie, Mocan akae kwako, ng'ambo ya bonde, mbali na pua zao, kiangazi chote. Mwakani, siku kama ya leo, utamleta nyumbani na utepe wake. Lango nitafungua mimi."