Sakafu Chini ya Kapeti

Kapeti lilikuwa la manyoya marefu, rangi ya maziwa, na Winrose Ntinyari alilipenda kuliko kitu kingine chochote nyumbani mwake. Alilinunua Meru mjini mwaka ule ndengu zilipokubali, akalileta Kianjai mwenyewe, na tangu siku hiyo sebule yake ikawa na sheria. Hakuna kuingia na viatu. Hakuna kula humo. Watoto walinywea chai jikoni, na hata mumewe Muthamia, ambaye ni mwashi, akirudi na simenti kwenye magoti aliketi verandani mpaka aoge. Sebule ilikuwa ya wageni: makochi mazito yaliyojaa mito, vitambaa vya kufuma, meza ya kioo katikati.

Winrose anauza nafaka sokoni Kianjai na si mtu wa majivuno. Ila alikulia kwenye nyumba ambamo mgeni alipewa gunia aketie, na alipokuwa msichana alijiapiza kwamba kwake mgeni hataketi hivyo.

Julai mwaka jana, asubuhi moja, Muthamia aliinama kufunga kamba za viatu vya kazi na hakuweza kuinuka. Kiharusi. Upande wote wa kulia ulilegea. Alilazwa wiki tatu, akarudi nyumbani na fimbo ya chuma yenye miguu minne. Maneno yalimrudia haraka, mkono ukaanza kushika kikombe, na kila mtu akasema huyu atapona.

Kisha akaanza kuanguka. Mara ya kwanza fimbo ilinasa kwenye manyoya ya kapeti. Mara ya pili aliteleza jikoni, ambako Winrose alikuwa amepaka nta sakafuni kama alivyozoea kila Jumamosi. Mara ya tatu ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa amezama ndani ya kochi, akaegemea meza ya kioo ili asimame, meza ikasogea, naye akabaki amebanwa katikati. Binti yao Kiende, mwalimu wa chekechea, ndiye aliyemkuta. Alimwita mama yake, wakamshika huku na huku.

"Msiniinue kama gunia," Muthamia alisema, uso ameugeuzia ukutani.

Baada ya siku hiyo hakutaka kutoka chumbani. Alikula kitandani. Siku ya kliniki ilipofika alisema kichwa kinamuuma, na ya pili akasema hivyo hivyo. Winrose aliamini ni ugonjwa unaomrudisha nyuma. Alikuwa akienda sokoni moyo ukiwa mzito, anapima maharagwe huku akili iko kwingine.

Katika hospitali ambako Muthamia alikuwa akienda kufanya mazoezi ya viungo kulikuwa na mtaalamu kijana aitwaye Mukami, mzaliwa wa Manyatta upande wa Embu. Alipoona mzee hafiki, alipiga simu, na Jumamosi iliyofuata akaja mwenyewe. Alivua viatu mlangoni, akasimama, akaangalia sebule kwa muda bila kuketi.

"Mama, chukua hiyo fimbo," alimwambia Winrose. "Jifanye mguu wako wa kulia hauinuki. Tembea kutoka chumbani mpaka verandani."

Winrose alicheka, lakini alifanya. Kwenye korido alikwama kwenye ndoo za maji. Akafika kwenye kapeti, fimbo ikazama. Akazunguka meza ya kioo, akagonga pembe ya kochi. Mlangoni akakuta rundo la viatu na malapa ya nyumba nzima, na hapo akashindwa kupita. Hakuwa akicheka tena.

"Mara nne umekwama, na wewe ni mzima," Mukami alisema kwa upole. "Baba hajashindwa kutembea. Njia ndiyo hana."

"Nyumba hii tumeihangaikia miaka kumi na nne."

"Najua, mama. Na ni nzuri sana. Lakini imepangwa kwa mtu anayekuja mara moja kwa mwaka. Anayeishi hapa kila siku hamkumpangia."

Maneno hayo yalimchoma Winrose. Alimpa Mukami chai, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi akaketi peke yake kwenye kochi lake. Wiki tatu tu zilikuwa zimebaki kabla ya watu wa Gachoka kufika, jamaa za kijana aliyetaka kumwoa Kiende. Wangekuja kuzungumza habari ya mahari. Hiyo sebule aliitengeneza kwa ajili ya siku kama hiyo hasa.

Aliketi pale mpaka chai yake ikapoa. Kisha akamwita Kiende, wakashika kapeti kila mmoja upande wake, wakalikunja.

Wifi yake Cicily, Mama Mutembei, dada mkubwa wa Muthamia, alifika kesho yake baada ya kanisa na kulikuta limesimamishwa verandani kama nguzo.

"Winrose, una wazimu? Watu wa Gachoka watasema tumewapokea ghalani."

"Waseme, Mama Mutembei."

"Si ulirudishe hata kwa siku hiyo moja tu? Muthamia atulie chumbani, sisi tutaongea kwa niaba yake."

Winrose alikuwa akichambua mchele. Aliweka ungo chini.

"Binti yake aombwe, naye awe amelala kitandani anasikiliza sauti kupitia ukutani? Hapana. Kapeti kama unalipenda, lichukue. Nimekupa."

Jioni hiyo kapeti liliondoka, na Cicily mwenyewe alitembea mbele yake akiwaonyesha wabebaji njia.

Chini yake kulikuwa na sakafu ambayo hakuna aliyeiona kwa miaka mingi. Winrose aliisugua kwa sabuni, akaikausha kwa kitambaa, safari hii bila nta. Ilikuwa nyekundu iliyokolea, imenyooka kama maji yaliyotulia, bila ufa. Alimwita Muthamia aje aangalie. Hakutaka. Akamwambia, "Njoo uone kazi yako," na hapo Muthamia akaomba fimbo.

Alisimama kwenye mlango wa sebule, ameshika fremu, akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii niliilaza kwa siku mbili," alisema. "Nilipiga magoti kutoka pale dirishani hadi hapa. Rangi niliichanganya mwenyewe, kwa sababu ile ya dukani hupauka." Kisha akasema, kama mtu aliyedhulumiwa, "Halafu ukaifunika."

"Nilikosea," Winrose alijibu.

Muthamia akaweka fimbo sakafuni. Miguu yake minne ya mpira ilishika. Akaenda hatua saba mpaka dirishani, akageuka, akarudi. Kiende aliyekuwa jikoni alisikia mlio wa fimbo, tok, tok, akatoka mbio akidhani ni hatari, akamkuta baba yake katikati ya sebule anatokwa jasho na anatabasamu upande mmoja wa mdomo.

Kuanzia hapo nyumba ilibadilika kila siku kidogo. Meza ya kioo ilihamia chumba cha Kiende. Makochi yalisukumwa ukutani. Viatu vikapata rafu nje ya mlango, ndoo zikaenda nyuma ya jikoni, na Winrose akaacha kupiga deki asubuhi. Alisubiri Muthamia awe ameketi verandani na uji wake, ndipo amwage maji. Malapa ya Muthamia yalitupwa, akanunuliwa viatu vyenye kishikio nyuma ya kisigino. Haikuwa rahisi. Mara mbili Winrose alisahau na kuacha stuli njiani, na mara mbili Muthamia alisimama mbele ya stuli ile, akaigonga kwa fimbo na kungoja mpaka ikaondolewa.

Kilichobaki kilikuwa kiti. Seremala Thuranira, mwenye karakana nyuma ya soko, alikuja na kitabu chenye picha za makochi ya mtindo mpya. Muthamia hakukifungua.

"Pima kutoka goti langu mpaka chini," alimwambia. "Kisha ongeza inchi mbili. Mikono ya kiti itokeze mbele, nipate pa kusukumia. Mbao ya mti wa mukima, na miguu isipishane hata unywele mmoja. Hii sakafu yangu iko sawa. Kiti kikiyumba nitajua ni wewe."

Thuranira alicheka. Miezi mitano hakuna aliyesikia Muthamia akimpa fundi amri. Winrose, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alilazimika kujifuta macho kwa aproni. Kiti kilifika baada ya siku sita, na zaidi ya kiti Thuranira alikuwa ameongeza ubao mrefu laini wa kushikia, akaufunga kwenye ukuta wa korido kuanzia chumbani hadi sebuleni.

Jumamosi ya wageni ilifika. Mapipa mawili ya maji ya mvua yalijaa, sufuria za nyama na mukimo wa viazi na mahindi zilifunikwa kwa majani ya migomba, na Cicily alikuwa wa kwanza kufika, akiwa amevaa kilemba kipya na uso wa mtu anayengoja aibu. Aliangalia ile sebule iliyo wazi, akaanza kunyoosha vitambaa vya makochi.

Watu wa Gachoka waliingia kumi na wawili, wakiongozwa na baba wa kijana, Mzee Ndambiri, mfugaji mrefu mwenye kofia mkononi. Waliketi. Kiti cha mukima kilikuwa tupu. Mzee Ndambiri alimwinamia Winrose.

"Mama, tumesikia mwenye nyumba anaumwa. Tukimaliza, twende tumsalimie alipolala?"

Kabla Winrose hajajibu, kwenye korido kulisikika tok. Kisha nyingine. Watu wote wakageuka. Muthamia alitokea ameshika ubao wa ukutani, akauachia, akavuka sakafu yake nyekundu bila kushikwa na mtu, amevaa koti lake la harusini. Alifika mbele ya Mzee Ndambiri, akahamisha uzito kwenye mguu wa kushoto, akanyoosha mkono wa kulia. Ulitetemeka, lakini ulifika.

"Karibuni nyumbani kwangu," alisema.

Mzee Ndambiri alisimama akamshika kwa mikono yote miwili. Wanawake walipiga vigelegele, na sauti ya Cicily ilikuwa juu kuliko zote. Alilia waziwazi, kilemba kikamwangukia begani, wala hakukijali.

Mazungumzo ya mahari yaliendelea mpaka alasiri, na Muthamia aliyaongoza yote kutoka kwenye kiti chake. Aliinuka mara tatu mwenyewe. Mara ya mwisho hakuwa na sababu yoyote; alitaka tu kuinuka.

Kiende aliolewa Aprili. Siku hizi ukipita kwa Winrose saa moja asubuhi utawakuta yeye na mumewe sebuleni, chai na viazi vitamu mikononi, makombo sakafuni, na redio ikizungumza. Na Jumatatu iliyopita kijana mmoja anayejenga jirani alikuja kuuliza jinsi ya kuchanganya rangi ya sakafu isipauke. Muthamia hakumweleza. Alichukua fimbo, akamwambia, "Twende nikaone," akatoka.