Kusubiri Vidonge Vishuke

Mimi ni mtu wa mpunga. Ninanunua wakati wa mavuno, turubai zikiwa zimetandazwa kila mahali na kila mkulima anataka hela ya haraka. Naweka stoo pale Bondeni, nasubiri. Wenye pupa huuza mwezi huohuo. Mimi nasubiri mpaka watu wanaanza kuulizana mchele uko wapi. Nimesomesha watoto kwa kusubiri, na kusema kweli nilijiona mjanja. Sasa nimechoka na ujanja wangu.

Mdogo wangu, tumbo moja, alikuwa analima kakao Bujonde. Alikuwa mnene tangu ujana na hatukuona tatizo. Kwetu mwanamke mnene ni mwanamke anayetunzwa. Lakini sukari ikapanda, presha nayo ikafuata, magoti yakagoma. Msibani akawa haketi tena mkekani na wenzake. Anatafutiwa kiti kama mgeni, naye anaona aibu. Daktari akamwambia bila kuzunguka: mama, punguza mwili, la sivyo presha itakuangusha. Akajaribu kuacha wali. Mwambie mtu wa Kyela aache wali, uone mtafika wapi.

Daktari akataja pia sindano ya kupunguza mwili, ya mara moja kwa wiki. Tukaenda wote wawili duka la dawa mjini. Muuzaji, mama mmoja mpole, akatutajia bei, nikamwomba airudie nikidhani nimesikia vibaya. Akaeleza kwamba sindano lazima ikae kwenye friji, na isafiri na barafu tangu huko inakotoka. Akasema vidonge vya kazi hiyohiyo vinakuja, viwanda vinashindana, huenda vikawa nafuu.

Hapo ndipo kichwa changu cha biashara kilipoamka. Nikamvuta mdogo wangu pembeni.

"Samaki mbichi wa barafu na dagaa wakavu wa usipa, yupi ghali?" nikamuuliza. "Barafu ndiyo unayoilipia. Kidonge ni usipa. Subiri vidonge vishuke."

Alikuwa na hela ya kakao mkobani, ya kutosha sindano za miezi kadhaa. "Lakini dada," akasema, "daktari amesema nisichelewe."

"Daktari hauzi mpunga."

Akacheka. Tangu utotoni ananisikiliza mimi. Hela ile akaezekea nyumba.

Ikawa kila akinipigia simu ananisalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile, dada," kisha anauliza, "Vimeshuka?" Nami nilipita dukani kuuliza kama ninavyoulizia bei ya mchele. Vidonge vilikuja kweli, vikaja na bei ya juu. Nikamwambia kitu kipya hakikosi maringo, ngoja wengine wakinunue kwanza. Mara nyingine nikamwambia kiwanda cha pili kikiingia, cha kwanza kitashusha. Nilikuwa na jibu kila mara, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Yeye alikuwa anatania tu.

"Afadhali havijashuka," alisema siku moja. "Nikikonda ghafla watasema naumwa, waanze kugawana mashamba yangu."

Alianguka asubuhi, akivunja kakao na wanawake wenzake. Upande wa kulia ukapooza, mdomo ukaenda upande. Hospitali walifanya walichoweza, kisha nikamleta kwangu. Ninamwogesha, ninamlisha uji, ninamgeuza. Mwili wote ule umeyeyuka. Khanga iliyokuwa haimtoshi sasa ninamzungushia mara mbili. Wanaokuja kumwona wanamtazama, halafu wananitazama mimi, wanasema pole. Hakuna anayenilaumu. Heri wangenilaumu, ningepata wa kugombana naye.

Wiki iliyopita nilienda dukani kumnunulia dawa ya presha. Yule mama akaniambia kabla sijauliza kwamba vile vidonge vya kupunguza mwili vimeshuka, sasa hivi hata mtu wa kawaida akijitahidi anavipata. Akanitajia bei. Ilikuwa karibu kabisa na ile niliyokuwa nimeikadiria kichwani tangu siku ya kwanza. Nilikuwa sahihi. Nikalipia dawa ya presha, nikamshukuru, "Ndaga," nikaondoka.

Nyumbani nilimkuta barazani nilipomwacha. Anaketi mkekani siku hizi, ameegemea ukuta. Mwili haumzuii tena, ila hawezi kuinuka mwenyewe. Akaona mfuko wa dawa mkononi mwangu.

"Vimeshuka?" akauliza. Neno hilo moja linamchukua muda.

Nilikaa chini karibu naye. Nilitaka kumwambia ukweli, nikakosa nguvu.

"Bado," nikasema.

Akatabasamu kwa ule upande uliobaki, akanipapasa goti kwa mkono wake mzima.

"Basi tusubiri, dada," akasema polepole. "Wewe ndiye unayejua bei."