Kamba ya Bibi

Juzi mnadani Karatu nilimwona mama mmoja amejifunga ncha ya kanga kiunoni, ncha ya pili kaifunga mkononi mwa baba yake mzee, asimpotee. Watu walicheka. Mimi nikasikia harufu ya ngozi ya ng'ombe.

Nilipokuwa mdogo, Shangazi Veronika alikuwa akimfunga Bibi mguuni kwa kamba ya ngozi, ile ya kufungia ndama, kila alipokwenda kulima. Ncha ya pili aliifunga kwenye nguzo ya mlango. Nilidhani anamchukia mama yake. Sikujua kwamba Bibi akiachwa huelekea msituni kumwita Babu, ambaye alishakufa, na msitu ule ulikuwa na nyati.

Alasiri moja Baba Mkubwa alifika kutoka Arusha na Landrova ya kazini. Alipoiona kamba, alimzaba Shangazi kofi mbele ya majirani.

"Mama yangu ni ndama?"

"Basi mchukue, Kaka," Shangazi alisema. "Ukakae naye wewe."

Baba Mkubwa alitazama saa. Nilifurahi, nikidhani anapanga muda wa kurudi kumchukua. Akaikata kamba kwa kisu, majirani wakampigia vigelegele, akaondoka na kipande kirefu akawaonyeshe ndugu mjini.

Vumbi la gari lilipotulia, Shangazi aliokota kipande kilichobaki akamfunga Bibi tena. Kamba ya mwanzo alikuwa ameipima ifike uani, pale jua linapopiga. Hii iliishia kivulini. Bibi akakaa hapo hapo, akitetemeka kwa baridi, akimsifu mwanawe wa Arusha.